Risala Mbele ya Pasi ya Mkaa

Usiku wa jana niliota nimetolewa mfukoni mwa koti la Mkurugenzi wetu.

Humo mfukoni tulikuwa mia nne na kumi, wafanyakazi wote wa kiwanda, tumebanana na leso, funguo za gari na pipi ya mnanaa iliyokwisha kunyonywa nusu. Mkurugenzi, Bwana Gwandu, alikuwa amesimama ukumbini mbele ya kipaza sauti. Akasema, "Mimi pamoja na wafanyakazi wangu mia nne na kumi tumeamua, kwa hiari yetu wenyewe, kwamba tuko na Chama cha Pasi." Kisha akatia mkono mfukoni, akatutoa, akatumwaga mezani kama karanga. Watu wakapiga makofi. Mimi niliangukia kwenye sahani ya sambusa.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangazwi na mambo anayoyajua.

Nieleze kidogo yaliyo macho, halafu tutarudi kwenye sambusa. Naitwa Veneranda Msengi. Nafunga vizibo vya chupa katika kiwanda cha mafuta ya alizeti hapa Singida, mwaka wa kumi na tatu sasa. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sauti isiyotetemeka, kila akija mgeni rasmi mimi ndiye ninayesoma risala ya wafanyakazi. Safari hii mgeni ni mgombea wa Chama cha Pasi, wale wenye alama ya pasi ya mkaa, ambao mmoja akiita "Pasi!" wengine huitika "Nyoosha!" huku wakisukuma ngumi mbele na nyuma. Leo saa nne asubuhi Mkurugenzi wetu na matajiri wenzake wanne wanatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba wao ni wa Chama hicho, damu na mali. Sisi tutakuwa nyuma yao tumevaa fulana.

Risala ya kwetu ina mpangilio wake ambao hakuna aliyeuandika lakini kila mtu anaujua. Salamu, shukrani, mafanikio, kisha changamoto, kisha shukrani tena. Changamoto ndiyo nyama, hayo mengine ni mchuzi. Na nyama yetu safari hii ilikuwa mstari mmoja tu: mashine ya kukamua namba nne haina kava la mkanda tangu mwaka jana, tunaomba liwekwe. Mkanda huo ulichukua vidole viwili vya Mzee Ntandu, fundi wetu, mwezi wa nne. Sasa kwenye mashine hiyo amewekwa mdogo wangu Skolastika, tunayemwita Skola, ninayeishi naye chumba kimoja.

Jana jioni Bwana Mselle wa utumishi aliniletea risala imechapwa upya, karatasi nyeupe, safi, mstari ule haupo. "Dada Vene," akaniambia, "siku ya furaha hatuonyeshani vidonda." Nikasema sawa. Hakunitishia, hakuniahidi kitu. Nilisema sawa kama mtu anayekubali kuongezewa chai, nikaikunja karatasi nikaenda nayo nyumbani.

Na jambo la mwisho. Skola anavaa sweta la kijani nililomfumia mwenyewe, maana upepo wa Singida asubuhi hauna huruma. Mikono niliipima kwa mkono wangu, nami nimemzidi urefu, kwa hiyo imekuwa mirefu mno na yeye huikunja, nayo hujikunjua. Nilimwambia nitaifumua nipunguze. Sijapunguza. Uzi wenyewe ulinunuliwa Dodoma na uliishia kwenye kishono cha mwisho, hata wa kutia kwenye sindano haukubaki. Sasa turudi kwenye sambusa.

Nimekaa kwenye sahani najipangusa mafuta. Meza kuu ina masofa matano ya rangi ya maziwa, na kila sofa lina tajiri wake. Tajiri wa mabasi anasimama, anasema yeye na mabasi yake kumi na manane wameamua. Mlango unafunguliwa, mabasi yanaingia moja moja, yanakaa viti vya nyuma, yanazima injini kwa adabu. Tajiri wa shule za kulipia anasema yeye na wanafunzi wake mia tisa wameamua. Mwandishi mmoja wa habari anauliza kama hao wamefikisha umri wa kupiga kura. Tajiri anajibu kwamba watafikisha humohumo ukumbini, hotuba zitakuwa ndefu.

Tajiri wa saruji hakusema mengi. Alionyesha tu kidole, na mifuko ya saruji ikasimama.

Mfuko mmoja ulikuwa umekaa karibu yangu, umevishwa fulana ya Chama iliyoubana kifuani. Nikauuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe umeamua mwenyewe?"

"Nimesikia tu kwamba nimeamua," ukajibu. "Wewe je?"

"Na mimi hivyohivyo."

"Mimi afadhali," ukasema mfuko wa saruji. "Mimi nikitiwa maji nakuwa mgumu."

Hapo katikati ya meza kuu, kwenye sofa la sita ambalo sikuliona mwanzo, amekaa mgeni rasmi. Ni pasi ya mkaa, ile ya zamani yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko, lakini kubwa kama jiko la shule ya bweni. Amevishwa shada la maua, na maua yanaungua polepole kuanzia chini. Kila akipumua, majivu yanamwangukia Bwana Gwandu begani, naye anatabasamu wala hayapangusi.

"Pasi!" akaita mtu.

"Nyoosha!" tukaitika, mabasi kwa honi.

Kisha nikaitwa mimi. Wakasema sasa ni zamu ya wafanyakazi, waseme la moyoni. Nikashuka kwenye sahani, nikakua kidogo kidogo njiani hadi nikawa na kimo changu, nikafika kwenye kipaza sauti na karatasi yangu mkononi. Nilipoifungua, karatasi haikuwa ile ya Bwana Mselle. Ilikuwa ile ya kwangu ya kwanza, mwandiko wangu, na mstari wa mashine namba nne uko pale chini unaningoja. Nikajisemea, Vene, Mungu amekupa nafasi ya pili, soma haraka kabla hawajajua.

Mara zote mimi huanza kwa kusema "itifaki imezingatiwa", maneno mawili, tukaruka majina ya wakubwa wote na kuendelea na yetu. Nikasema, "Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa."

"Imezingatiwa na nani?" ikauliza sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Amesimama mzee mfupi mwenye suti ya kahawia na viatu vya kung'aa. Mahali pa uso hana uso, ana orodha ya majina, imechapwa kwa mashine, na kule kidevuni inaendelea kushuka ndani ya tai.

"Mimi ndiye Itifaki," akasema. "Miaka kumi na tatu unanizingatia kwa mdomo. Leo utanizingatia kwa majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa uzito wa mtu. Ukimaliza, sema unachotaka. Hakuna atakayekuzuia."

"Shikamoo," nikamwambia, kwa kuwa alikuwa mzee.

"Marahaba. Anza."

Nikaona si tabu. Majina ni majina. Nikaanza na mgeni rasmi, nikaja kwa Bwana Gwandu, nikaja kwa tajiri wa mabasi. Nikiwa kwa tajiri wa saruji ndipo nilipoona kwamba ukumbi hauna ukuta wa nyuma. Mahali pa ukuta pana chumba chetu cha kukamulia, taa zinawaka, mashine namba nne inazunguka, na Skola amesimama mbele yake amenipa mgongo. Amevaa sweta la kijani. Mkono wa kulia wa sweta umejikunjua, umemeza vidole vyake vyote, na kwenye ncha yake pana uzi mmoja umechomoza. Uzi unapepea. Unausogelea mkanda, unarudi nyuma, unausogelea tena.

Nikajaza kifua hewa nimwite. "Sko—"

Kipaza sauti kikafumba mdomo.

"Samahani dada," kikasema kupitia pembeni, kwa upole sana. "Jina hilo halimo kwenye itifaki."

"Ni mdogo wangu! Uzi wa sweta lake utanaswa na mkanda!"

"Naona. Nasikitika sana. Lakini mimi natoa majina yaliyomo tu."

Nikamgeukia Itifaki. Nikamwomba amwongeze mdogo wangu kwenye orodha, hata mwishoni, hata chini ya tai. Akachomoa kalamu kutoka sikioni. Sijui sikio alilipata wapi.

"Anamiliki nini?" akauliza.

Nikafikiri. Skola ana godoro, lakini tunalala wote. Ana simu iliyopasuka kioo. "Anamiliki sweta," nikasema.

Akaandika kwenye shavu lake, *sweta*. Akatazama kule nyuma ya ukumbi. "Uzi umeshagusa mkanda," akasema. "Limeanza kufumuka. Zamu yake ikifika tutaona kama bado ni sweta. Endelea, dada, usipoteze muda wa wageni."

Nikaendelea. Nilisoma kama mtu anayekimbia. Nilidhani nikienda mbio nitamaliza, kumbe nilivyokwenda mbio ndivyo orodha ilivyoongezeka. Matajiri walikwisha, vikaja vitu vyao. Nikamtambua basi wa kwanza, basi wa pili, mpaka basi wa kumi na nane, na kila mmoja aliwasha taa kuonyesha yupo. Nikazitambua nyumba tatu za Bwana Gwandu, ile ya ziwani na nyingine mbili. Nikamtambua jenereta. Nikawatambua mbwa wawili, ambao walisimama na kuinamisha vichwa. Nikalitambua bwawa la kuogelea, nikaambiwa limeomba udhuru, limesafiri, lakini limetuma mwakilishi. Mwakilishi alikuwa taulo.

"Tunalishukuru taulo," nikasema. Nilisema hivyo kweli. Nasimulia kama ilivyokuwa.

Nilipogeuza ukurasa, ukumbi haupo. Niko kwenye korido ya zahanati, ile ya rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe juu. Kwenye benchi vimekaa vidole viwili, kidole cha shahada na cha kati, vya mkono wa mtu mzima, vina mafuta ya mashine kwenye kucha. Vimevaa fulana ndogondogo za Chama cha Pasi, na kila kimoja kimeshika kadi ya namba.

Nilivitambua. Vilikuwa vya Mzee Ntandu.

"Shikamooni," nikavisalimu.

"Marahaba, mwanetu," vikajibu pamoja.

"Mnangoja daktari?"

"Daktari wa nini tena. Tunangoja gari la kutupeleka kwenye shughuli. Na sisi tumehesabiwa. Mkurugenzi amesema mia nne na kumi, na bila sisi hesabu haitimii."

"Na Mzee Ntandu mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," kikasema cha shahada. "Anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Mkewe amejitolea amfungie, akakataa. Asubuhi yote iko kwenye vifungo."

Nikakaa mwisho wa benchi. Kidole cha kati, ambacho kilikuwa kirefu na chenye hasira, kikanitazama sana. Kikauliza, "Risala ya mwaka jana, alipokuja yule mgeni wa kabla ya huyu, alisoma nani?"

"Mimi."

"Kava lilikuwa limeshaondolewa?"

"Lilikuwa limeshaondolewa. Miezi miwili."

"Ukasemaje pale kwenye changamoto?"

Nilikumbuka neno kwa neno. Hata nikiwa macho nakumbuka, maana niliona fahari nilipolitunga, lilikuwa jepesi na halikumuudhi mtu. "Nilisema changamoto ndogondogo zipo, ila zinashughulikiwa."

Vidole vikatazamana.

"Basi ndogondogo ndiyo sisi," kikasema cha shahada.

Hakikusema kwa ukali. Kingesema kwa ukali ningejitetea. Ningesema mimi ni mfunga vizibo tu, kwamba risala huwa zinapitishwa na ofisi, kwamba nina kodi ya chumba na mdogo wa kulisha, na yote hayo ni kweli. Kikasema tu, kikarudi kutazama ukutani, na mimi nikaona aibu iliyonifika kwenye meno.

"Safari hii nimeuandika mstari," nikaviambia. "Huu hapa, tazameni. Nikimaliza itifaki tu, nausoma."

"Kimbia basi," kikasema cha kati. "Harufu ya sufu inayoungua tunaisikia mpaka huku."

Nikainuka nikakimbia, korido ikawa ukumbi tena.

Mkono wa kulia wa sweta la Skola haupo. Umefumuka mpaka begani, na mkono wake mwembamba uko wazi, una vipele vya baridi. Mkanda unazunguka na uzi wa kijani unajizungushia juu yake, tabaka juu ya tabaka. Skola anaendelea kumimina alizeti, ndivyo alivyofundishwa, usiache mashine ikakamua hewa. Mwili wake unavutwa kidogo mbele. Anarudisha mguu. Anavutwa tena.

Ndipo nikahisi kitu kwenye kidole changu cha shahada. Ncha ya pili ya uzi imefungwa kwangu. Imezungushwa mara nyingi, imekaza, nami sijui nani aliifunga. Nikasema, "Bwana Gwandu," na mkanda ukazunguka mara moja. Nikasema, "Mheshimiwa taulo," ukazunguka tena. Nikanyamaza. Mkanda ukasimama.

Nikajaribu tena niwe na hakika. Jina moja, mzunguko mmoja. Kimya, umesimama. Mashine haikuwa inaendeshwa na umeme hata kidogo. Ilikuwa inaendeshwa na mimi.

Nikanyamaza kabisa.

Huu ukawa ndio wakati mgumu kuliko yote, kuliko hata vidole. Ukumbi mzima unanitazama. Mabasi yananitazama kwa taa za mbele. Waandishi wa habari wameshusha kamera. Makaa ndani ya pasi yanalia tik, tik. Skola amesimama kule mbali, mkanda umesimama, na mimi nafanya jambo moja la maana nililopata kufanya mbele ya watu, nalo ni kutosema kitu.

Mgeni rasmi ndiye aliyezungumza. "Lete hiyo karatasi, mama. Naona ina makunyanzi."

Nikampelekea. Hata hapo ningeweza kukataa, sikukataa. Akajiinua kutoka kwenye sofa, akapita juu ya karatasi mara moja, polepole, moshi ukatoka pembeni. Akajirudisha nyuma kuitazama kazi yake. Salamu zipo. Shukrani zipo. Mafanikio yanang'aa. Mahali pa mstari wangu ni peupe, laini, huwezi kujua palikuwa na kitu.

"Lakini hapa sikufanya kazi mimi," akasema Pasi kwa mshangao. "Hapa palikuwa pameshanyooshwa kabla yangu. Nani alinyoosha?"

Bwana Mselle, ambaye sasa alikuwa kapeti la ukumbi, akanyanyua pembe yake moja akanionyesha mimi.

"Mimi," nikasema. "Nilisema sawa."

"Mkono mwepesi sana," akasema Pasi. "Hakuna alama ya moto hata moja. Sisi wengine tunaunguza, tunaacha harufu, watu wanalalamika. Wewe umenyoosha kwa baridi. Mama, umewahi kufikiria kuwa pasi?"

Wakacheka matajiri watano kwa pamoja, kicheko cha kirafiki, na sofa la saba likaingia lenyewe kutoka nje likajipanga mwisho wa meza kuu. Lilikuwa na jina langu.

Bwana Gwandu akaja akasimama kando yangu. Sina la kumsingizia, alikuwa mpole. Alinishika bega kama mtu na shangazi yake. "Dada Vene," akasema, "soma, mama. Kuna watu mia nne na kumi nyuma yako wanakutegemea. Usiwatie aibu mbele ya mgeni."

Nikatazama nyuma. Wenzangu wamesimama wote na fulana zao, wa kufunga vizibo, wa ghala, wa kupakia. Hawakunipa ishara yoyote. Walikuwa wanangoja wajue wameamua nini.

Na mimi nikasoma.

Sitaki kudanganya. Hakuna aliyenishikia panga. Ni ule ukimya tu, jinsi ulivyonielemea, na mazoea ya miaka kumi na tatu ya kutowachelewesha wageni. Nikafungua mdomo, majina yakatoka yenyewe, mazuri, kwa sauti isiyotetemeka. Nikaitambua ghala ya kwanza na ghala ya pili. Nikautambua mzani. Nikamtambua kuku aliyeliwa mchana. Mkanda ukazunguka, na kila neno likamvuta mdogo wangu hatua moja, na kidole changu kikawa cha zambarau, na mimi nasoma. Mgongo wa sweta ukaenda. Shingo ikaenda. Watu wanapiga makofi kila baada ya jina, na kuna mahali, Mungu anisamehe, niliposimama kidogo ili makofi yaishe.

Skola akageuka.

Sweta halipo tena, amebaki na blauzi ile nyepesi ya shule aliyomaliza miaka minne iliyopita. Ukosi wa sweta tu ndio uliobaki, mduara wa kijani shingoni mwake, na uzi umekaza kutoka hapo hadi kwenye mkanda. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa dukani akakuta foleni. Akaniita kutoka kule, nami nikamsikia kuliko kipaza sauti.

"Dada, bado mko kwenye salamu?"

Nikapiga kelele. Nikasema jina lake lote kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo. Sijui kama kipaza sauti kililitoa, sijui kama mkanda ulilihesabu hilo nalo kuwa mzunguko mmoja. Uzi ulinivuta kidole kwa nguvu kama mtu anayevuta mlango uliokwama, nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Upande wa Skola godoro limetandikwa, shuka limekunjwa, kikombe chake cha chai kimeoshwa na kugeuzwa. Zamu ya kwanza inaanza saa kumi na mbili kamili. Kwenye msumari nyuma ya mlango, anapotundika sweta, palikuwa na msumari tu.

Risala ilikuwa mezani, ile ya Bwana Mselle, nyeupe, safi. Nikajinyoosha niichukue, na kidole kikaniuma.

Kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, umezungushwa uzi wa kijani. Mara saba, nimehesabu. Umekaza mpaka ncha ya kidole imekuwa ya zambarau na haina hisia. Nikasema labda ni mabaki. Nikapekua kapu la kufumia, nikakung'uta godoro, nikatazama chini ya meza, nikijua kabisa kwamba uzi ule uliishia kwenye kishono cha mwisho. Nikaunusa. Umelowa mafuta ya alizeti mabichi, yale ambayo hayajachujwa, yanayotoka kwenye mashine tu. Mimi niko vizibo. Huku kwetu mafuta hufika yakiwa yameshachujwa na kutiwa chupani.

Simu ya Skola haiwezi kupigwa, wakati wa zamu huachwa getini. Nikachukua kalamu. Kwenye risala, pale juu kabisa, kabla ya mheshimiwa mgeni rasmi na kabla ya Mkurugenzi, nikaandika kwa mwandiko wangu, herufi zimepinda kwa sababu ya kidole: *Ndugu Skolastika Msengi, wa mashine namba nne, isiyo na kava.* Halafu nikaona saa nne ni mbali mno kwa salamu kama hiyo. Nikavaa ndala, nikatoka nayo mbio kuelekea kiwandani, uzi ukiwa bado kidoleni.